Nimebadili Meno, Sikubadili Kicheko

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea nakuomba ufanye jambo moja dogo. Nenda penye kioo, ucheke. Usivute midomo tu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Cheka hasa, kama mtu aliyesimuliwa kisa cha sungura na fisi. Umejiona? Kama hukuona haya, shukuru. Wako watu wengi wasioweza kufanya hivyo hata wakiwa peke yao chumbani, na mlango umefungwa. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa zaidi ya miaka 30.

Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha. Nilizaliwa mwaka 1971 upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Kama umewahi kupita barabara ile ya kwenda Moshi, bila shaka umewaona watu wetu, na kama ulisimama kununua ndizi ukasalimiwa kwa uchangamfu, uliyaona pia meno yetu. Wengi wetu tuna meno ya kahawia. Wengine yana madoa machache, wengine yamekolea kabisa, na wengine yana vishimo kama mti ulioliwa na mchwa.

Mama yangu husema kwamba meno yangu ya utoto yalikuwa meupe, tena yenye mwanya mzuri hapa mbele, na kwamba nilikuwa mtoto wa kucheka ovyo mpaka majirani wakanizoea. Meno yale yalipong'oka, nikiwa na miaka 6 au 7, yakaja ya ukubwani. Mwanya ulirudi pale pale, lakini meno yalitoka yakiwa na weupe wa chaki usiong'aa, kisha mwaka hata mwaka yakageuka kahawia. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kunicheka, maana sote tulikuwa hivyo. Mtu hajui kwamba ana kilema mpaka atoke kwao.

Nilitoka mwaka 1989, nikaenda Tanga kujifunza ushonaji. Siku ya kwanza bwenini msichana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, “Ati, huko kwenu hamna miswaki?” Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini nilicheka nikiwa nimeweka mkono mdomoni. Msomaji, mkono ule haukutoka tena. Picha ya harusi yangu, mwaka 1994, inamwonyesha mume wangu amefurahi kama mtu aliyeokota fedha, na mimi nimefunga midomo kama niko matangani. Hata kazini, mteja akisema neno la kuchekesha, nami mkono mmoja una mkasi na mwingine una utepe wa kupimia, niligeukia ukutani nikacheka huko.

Sasa nitakuambia makosa yangu, ili wewe usiyarudie.

Mwaka 2006 nilimwendea mtu mmoja aliyekuwa akisafisha meno sokoni. Hakuwa daktari, wala hakusema kwamba ni daktari. Alikuwa na chupa ya dawa kali, kipande cha msasa, na maneno matamu. Alinisugua nusu saa. Kwa siku 3 nilijiona nimetakata. Siku ya 4 nilikunywa maji baridi, nikaruka kitini. Madoa yakarudi baada ya muda, lakini maumivu yale yalibaki miaka. Nililipa fedha ili nipunguziwe doa, kumbe nilipunguziwa jino.

Kosa la pili nililikaribia, lakini sikulifanya. Mwanzoni mwa mwaka 2023 binti yangu alitangaza harusi yake, iliyopangwa mwezi Desemba. Jioni moja aliniambia, “Mama, sitaki unishonee cho chote. Siku yangu nakuomba kitu kimoja tu: kwenye picha, cheka.” Nilikwenda jikoni nikajifanya nakoroga chungu. Kesho yake nikaingia mahali fulani palipotangaza meno mapya. Waliniketisha, wakanitazama dakika 2, wakaniambia kwamba watayasaga meno yangu yote ya juu na ya chini, kisha watayafunika kwa meno meupe kuliko yote waliyo nayo. Hawakuniuliza kama yananiuma. Hawakutazama fizi. Ukutani palikuwa na picha za watu waliotengenezwa pale, na mimi, kwa kuwa ni fundi, niliona jambo moja mara moja: wote walikuwa na meno mamoja. Mzee, kijana, mwembamba, mnene, wote kicheko kile kile, kama watoto wa shule waliovaa sare. Tena ulikuwa weupe wa sanda. Nikasema nitarudi. Sikurudi.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa meno mwingine, kijana wa umri wa mwanangu. Aliniamkia, “Shikamoo, mama.” Nikamwitikia, “Marahaba, mwanangu.” Kisha akaniomba nicheke. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Yeye hakusema neno. Alingoja tu mpaka mkono uliposhuka. Ndipo akaniuliza, “Mama, meno haya yanakuuma, au yanakuudhi?” Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile. Nikamjibu, “Zamani yaliniuma kidogo. Sasa yananiudhi tu.” Akasema, “Vema. Basi hatuna haraka.”

Alinieleza mambo ambayo ningependa kila mtu wa kwetu ayajue. Meno yetu hayakuharibika kwa uchafu, wala kwa chai, wala kwa tumbaku. Yaliharibika kabla hayajaota, yakiwa bado ndani ya ufizi. Ardhi yetu ni ya volkano, na maji yanayopita katika mawe na majivu ya Mlima Meru huyeyusha madini yaitwayo floraidi. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Wageni wengi husikia jina la Maji ya Chai wakadhani kwamba rangi ya maji ndiyo iliyotupaka meno, sivyo. Maji meupe kama kioo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, nasi kwetu tuna chemchemi na visima vinavyopita kikomo hicho mara kadhaa. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka ile meno yake ya ukubwani yanapojengwa, tabaka la nje la jino halikomai sawasawa. Jino hutoka likiwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kisha vitundu vile hunyonya rangi ya vyakula na vinywaji. Ndiyo sababu meno yangu yalianza na weupe wa chaki, kahawia ikaja baadaye.

Akaniambia kwamba hatuko peke yetu. Huko Marekani, katika mji wa Colorado Springs, daktari wa meno Frederick McKay alifika mwaka 1901 akawakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama yetu. Alitafuta sababu miaka mingi, na mwaka 1931 mkemia mmoja, H. V. Churchill, ndiye aliyegundua kwamba ni floraidi ya maji. Nilifurahi kusikia hivyo. Si kwamba nilifurahia shida ya wenzetu, bali mtu aliyeitwa mchafu kwa miaka mingi hupata nafuu akisikia kwamba jambo lake lina jina na lina sababu.

Kisha akanieleza dawa, akianza na ndogo, akimaliza na kubwa. Ya kwanza ni kuyaacha meno kama yalivyo, maana madoa peke yake hayaui mtu. Ya pili ni kusugua tabaka jembamba sana la juu kwa asidi iliyopimwa na unga mgumu. Nami nikakumbuka yule wa sokoni, akacheka akasema kwamba tofauti ya dawa na sumu ni kipimo na mkono wa anayeishika. Ya tatu ni kuyang'arisha kwa dawa ya kupunguza rangi. Ya nne ni kupaka juu ya jino utomvu mgumu wa rangi ya jino. Huo ni rahisi zaidi kwa bei, na ukivunjika hutengenezeka, lakini hushika rangi na kuchakaa mapema. Ya tano ni vigamba vya kauri, ambavyo wao huviita venia: kigamba kimoja kwa jino moja, chenye unene wa karibu nusu milimita, kinachobandikwa mbele ya jino kama ukucha unavyokaa juu ya kidole.

Nilimwelewa sana, maana ndiyo kanuni yetu mafundi. Nguo ikiletwa na kasoro, kwanza tumia pasi; pasi ikishindwa, tumia sindano; mkasi uwe wa mwisho, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Naye akasema maneno yale yale: “Mama, nikishapunguza jino, hata kama ni kwa nusu milimita, halioti tena. Ukianza safari hii, utakuwa na vigamba maisha yako yote. Huweza kudumu miaka 10 hadi 15, pengine zaidi, kisha vinahitaji kubadilishwa. Tena meno ya kwetu huku hayashiki gundi kwa urahisi kama meno mengine. Nenda nyumbani ukafikiri.”

Nilikwenda nikafikiri, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Fedha zilikuwepo, nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya cherehani mpya ya umeme. Mume wangu hakukataa, ila alisema, “Mimi nilikuoa kwa ajili ya mwanya huo. Ukienda huko, usiniletee mke mwingine.” Tukacheka. Lakini mama yangu, ambaye sasa ana miaka 80 na kitu, hakucheka. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, “Mwanangu, meno haya tunayo sote. Mimi ninayo, baba yako alizikwa nayo. Unatuonea haya?”

Msomaji, swali lile lilinikosesha usingizi siku 3. Nilijipima kweli kweli. Je, nawaonea haya wazazi wangu? Nikaona kwamba sivyo; meno ya mama yangu sijawahi kuyaona mabaya, maana kinywa kile ndicho kilichonifundisha kusema. Nilichokichoka si meno ya kwetu, bali mkono wangu mwenyewe mdomoni. Nikarudi kwa mama nikamwambia hivyo. Akasema, “Basi nenda. Lakini urudi nikujue.”

Neno lile nililichukua mpaka kwa daktari, nikamwambia, “Mama yangu ameagiza anijue.” Akasema hilo ndilo agizo zuri kuliko yote aliyowahi kupewa.

Tulianza kwa kusafisha na kutibu fizi, kwa sababu kigamba kizuri juu ya ufizi unaotoka damu ni sawa na rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu. Akapiga picha ya eksirei, akauliza kama nasaga meno usingizini. Tukakubaliana kwamba vigamba vitawekwa 6 tu, meno ya mbele ya juu, kutoka chonge hadi chonge. Ya chini, na yale ya pembeni, aliyasugua kwa dawa na kuyang'arisha mpaka kahawia ikafifia, kisha tukangoja majuma mawili kabla ya kuendelea, maana jino lililotoka kung'arishwa halishiki gundi vizuri.

Ikaja siku ya kuchagua rangi. Daktari alitoa kibao chenye meno 16 ya mfano, kila moja na rangi yake. Mpangilio huo wa rangi unatumika tangu mwaka 1956. Mimi kwa tamaa nikaweka kidole kwenye jeupe kuliko yote. Hakunibishia. Alinipeleka dirishani, kwenye mwanga wa mchana, akaniweka kioo mkononi, akalileta jino lile karibu na midomo yangu, karibu na weupe wa macho yangu, karibu na meno yangu ya chini. Nikaona mwenyewe. Lilikuwa linapiga kelele. Ni sawa na kushona gauni la kitenge kilichofuliwa miaka kwa uzi mweupe wa dukani: uzi haukuwa mbaya, ila kila atazamaye ataona uzi, hataona gauni. Nasi mafundi rangi ya uzi hatuichagui chini ya taa; twatoka nje ya mlango. Tukashuka, tukashuka, mpaka tukafika kwenye rangi iitwayo A2, yenye ujoto kidogo. Naye akaifanya haraka, kabla mdomo haujakaa wazi muda mrefu, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo.

Alinifundisha pia kulitazama jino. Jino halina rangi moja. Karibu na ufizi limekolea zaidi, katikati limetulia, na ncha yake hupitisha mwanga kidogo. Chonge huwa na rangi nzito kuliko meno ya mbele. Yale mawili ya pembeni huwa mafupi kidogo kuliko mawili ya katikati. Meno yaliyo sawa kabisa kwa rangi na kwa urefu hayafanani na ya mtu. Tangu siku ile natazama vinywa vya watu kama ninavyotazama mishono yao.

Kabla ya kugusa jino, fundi wa maabara alitengeneza mfano wa meno yangu kwa nta juu ya plasta, na daktari akauhamishia mdomoni mwangu kwa utomvu wa muda, unaobanduka, ili nijaribu. Akaniambia niseme maneno yenye f na v, maana meno ya juu yakizidi urefu, herufi hizo hukwama kwenye mdomo wa chini. Nikasema, “Fundi, fedha, vifungo, vitenge.” Yakatoka vema. Kisha akanipa kioo.

Nilimwona mama mmoja mzuri sana. Meno yake yalikuwa ya rangi nzuri, yamepangika, hayana doa. Nikamtazama, naye akanitazama. Sikumjua. Nilikaa kimya muda mrefu mpaka daktari akaniuliza kuna nini. Nikagundua: mwanya haukuwepo. Yule fundi wa maabara, ambaye hakuwahi kuniona, alidhani kwamba nafasi ile ni kasoro kama madoa, akaiziba. Kwa vipimo vyake alifanya kazi njema. Lakini kwetu sisi mwanya ni pambo. Mtu husifiwa kwa mwanya wake kama anavyosifiwa kwa shingo na sauti. Mama yangu anao. Mimi nilizaliwa kuurithi, nao ulitoka na meno ya utoto ukarudi na ya ukubwani. Maji yaliharibu rangi, lakini mwanya hayakuweza kuugusa. Je, niuzibe mwenyewe kwa fedha zangu?

Nikamwambia daktari, kwa woga kidogo, maana wengi wetu tumezoea kwamba mgonjwa hamfundishi daktari. Hakukasirika hata kidogo. Alisema, “Mama, nta imewekwa kwa ajili ya maneno kama hayo. Kwenye nta tunakosea bila hasara. Ungenyamaza leo, ungejuta miaka 15.” Akachukua kalamu akaandika, akapima mwanya wangu wa asili, akarudisha mfano kwa fundi. Uliporudi, mwanya ulikuwepo, na yule mama wa kwenye kioo nilimjua.

Kazi yenyewe sikuiogopa kama nilivyodhani. Alinidunga sindano ya ganzi, akapunguza meno 6 kwa kiasi cha ukucha tu, akachukua umbo lake, akanivika vigamba vya muda. Vile vya kauri vilipokuwa tayari, alivijaribu kwanza bila gundi, nikavitazama tena dirishani, nikakubali. Ndipo akavibandika kimoja kimoja, akiviangazia taa yenye mwanga wa buluu ili gundi igande.

Wakati anangoja alinisimulia kwamba miaka ya karibu 1930 daktari wa meno mmoja huko Hollywood, Charles Pincus, aliwabandikia waigizaji wa sinema vigamba vya namna hii. Lakini hakukuwa na gundi ya kudumu, kwa hiyo picha ikiisha kupigwa, vigamba vilitolewa. Mwaka 1955 Michael Buonocore akaonyesha kwamba jino likipakwa asidi kidogo hukwaruzika na kushika utomvu. Miaka ya mwanzo ya 1980 ndipo wakajua kuikwaruza na kauri yenyewe, upande wa ndani, ili vishikane kwa nguvu. Nikauliza kauri hukwaruzwa kwa nini. Akatabasamu. “Kwa asidi ya floraidi, mama.” Kumbe kitu kile kile kilichoniharibia meno ndicho kinachosaidia kuyashikilia mapya! Nilitaka kucheka, lakini mdomo ulikuwa wazi na taa imo ndani.

Harusi ilifika. Sitakueleza mengi, maana harusi zafanana. Nitasema tu kwamba picha 11 za siku ile zinanionyesha nimecheka, na mikono yangu imeshika maua, kitambaa, na bega la binti yangu. Haikupanda mdomoni hata mara moja. Wageni wengi hawakujua kwamba nimefanya lo lote. Wifi yangu aliniuliza kama nimenenepa. Jirani akasema, “Naona umepumzika, unapendeza.” Hakuna aliyesema, “Umeweka meno.” Fundi akipata sifa ya namna hiyo, kazi yake imekwisha.

Lakini niliyemngoja ni mama. Alikuja asubuhi, akaniita jikoni penye mwanga, akanishika kidevu kama anavyomshika mtoto. Akasema, “Cheka.” Nikacheka. Alinitazama kwa muda, akaweka kidole chake kwenye mwanya wangu. Kisha akasema, “Hicho ndicho kicheko chako kabla hujang'oka meno. Nilikuwa nimekisahau.” Akacheka naye, kwa meno yake ya kahawia na mwanya wake, na sote wawili hatukuziba midomo.

Basi, msomaji wangu, ukiwa na shida kama yangu na unafikiri kwenda kwa daktari, nakupa mashauri machache. Usimpe meno yako mtu asiyetazama fizi zako kwanza. Uliza kama njia ndogo inaweza kutosha kabla ya kubwa. Ukiambiwa kwamba meno yako yote yatasagwa, tena leo leo, shika mkoba wako uende. Chagua rangi kwa mwanga wa mchana, si kwa tamaa. Dai kuona mfano kabla ya kukatwa cho chote, na ukiuona, sema neno lako. Ukiwa na mwanya, au jino lililoinama kama la babu yako, amua mwenyewe kama ni kasoro au ni alama. Na ukishapata vigamba, vitunze. Mimi nimeacha kukata uzi kwa meno, desturi ya miaka 30 na zaidi, na sasa mkasi mdogo umening'inia shingoni.

Na kama una watoto au wajukuu wadogo katika nchi yetu hii ya volkano, sikiliza hili kuliko yote. Venia ni kiraka. Kinga ni bora. Mtoto hupatwa na madhara haya katika miaka ya kwanza 8 hivi, meno yanapojengwa. Maji yachunguzwe. Kuyachemsha hakuondoi floraidi, bali hupunguza maji na kuizidisha. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Njia hiyo imechunguzwa na kutumiwa hapa hapa kwetu, katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Magadi yanayopikiwa makande na maharage nayo yana floraidi, basi usiyatie katika chakula cha mtoto. Wala usitupe dawa ya meno kwa hofu; floraidi kidogo huzuia meno kuoza. Mtoto mdogo atiwe kiasi cha punje ya mchele, na akikua kidogo afundishwe kutema.

Binti yangu amejifungua mwaka huu. Mtungi wa maji ya mvua uko tayari, umefunikwa. Mjukuu wangu bado hana jino hata moja, lakini anacheka kutwa nzima, na mimi namjibu. Siku meno yake yatakapotoka, nitatazama kitu kimoja tu: kama mwanya umo.